Kuzungushia mbao za urembo dirishani kwa ndani wakati fremu na ukuta haviko kwenye usawa mmoja

MkonoMpya ameuliza:

Habari zenu, mafundi na nyote mnaopenda kazi za mikono. Nimeamua kuzungushia mbao za urembo kwa ndani madirisha matatu ya nyumba yangu mimi mwenyewe, kwa kuwa zana za msingi ninazo na muda upo. Kwa kuitazama, kazi inaonekana nyepesi: ubao mmoja juu, miwili ubavuni, kizingiti cha ndani kwa chini, na ubao mwembamba wa kufunika mshono ulio chini ya kizingiti hicho. Hata hivyo, nilipolaza rula ndefu juu ya fremu na kuivusha hadi ukutani, niliona kwamba fremu na lipu haviko kwenye usawa mmoja karibu kila mahali.

Kwenye dirisha la kwanza, upande wa kushoto lipu imetokeza mbele ya fremu kwa milimita 3 juu na karibu 5 chini, ilhali upande wa kulia fremu ndiyo iliyotokeza kwa milimita 2. Dirisha la pili lina shida kubwa zaidi, kwa sababu fremu imezama ndani ya ukuta kwa milimita 14 upande mmoja na 18 upande wa pili. La tatu liko sawa kiasi, ila linafunguka kwa ndani. Fremu zote ni za mbao na uso wake una upana wa milimita 40. Madirisha mawili ya kwanza yako kwenye ukuta wa tofali uliopigwa lipu, na la tatu liko kwenye ukuta wa jipsamu uliobandikwa juu ya nguzo za mbao. Mbao nilizokusudia kutumia zina upana wa milimita 70 na unene wa 18.

Nimekata hanamu, yaani mkato wa mshazari wa digrii 45, kwenye vipande vya mabaki ili nijaribu. Vikilazwa mezani vinakutana barabara. Vikiwekwa kwenye kona ya juu kushoto, ncha ya nje ya kipande kimoja inapanda juu kuliko ya mwenzake. Kwenye kona ya juu kulia, vinagusana kwa nyuma lakini kwa mbele kuna ufa.

Naomba mnisaidie katika mambo matatu. Je, ukuta ndio unaorekebishwa ili uifuate fremu, au fremu ndiyo inayofuata ukuta? Je, kona zikatwe kwa hanamu, au ubao wa juu ukalie mbao za ubavu kwa mkato wa mraba? Na mbao hizi zinashikaje kwenye ukuta wa tofali, ambako msumari mwembamba unapinda kabla haujaingia?

Tindo amejibu:

Ndugu MkonoMpya, usijipe kazi kubwa. Chonga lipu kuzunguka fremu hadi ubao ulale, pigilia, kisha mwanya wowote utakaobaki uujaze silikoni na upake rangi juu yake. Kilicho nyuma ya ubao hakionwi na mtu.

RandaKali amejibu:

Ushauri wa ndugu Tindo unafaa katika hali moja tu, na kabla hujashika tindo ni lazima ujue kama hali yako ndiyo hiyo. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu usiopungua mita moja, ulaze ukutani kwa mlalo huku ncha yake ikipita mbele ya fremu, kisha utazame mwanga unapita wapi kati ya ubao huo na lipu. Mara nyingi aliyepiga lipu huizidisha pale anapofika kwenye fremu, hivyo ukuta unakuwa umenyooka vizuri halafu unavimba katika sentimita 2 au 3 za mwisho. Uvimbe wa namna hiyo unachongwa bila hasara. Weka ubao wa urembo mahali pake, piga mstari wa penseli kwenye ukingo wake wa nje, ingia ndani ya mstari huo kwa milimita 10, na uchonge kuanzia hapo kuelekea kwenye fremu. Ukingo wa nje utakalia lipu isiyoguswa, ukingo wa ndani utakalia fremu, na sehemu ya katikati itabaki bila kugusa kitu, jambo ambalo halina madhara yoyote.

Ikiwa ubao wa kupimia unalala ukutani kote bila kuonyesha mwanga, na bado lipu iko mbele ya fremu, basi ukuta wote ndio ulio mbele. Hapo ukichonga ndani ya mstari hujabadilisha kitu, kwa sababu ukingo wa nje utakalia ukuta ule ule. Na ukichonga hadi nje ya mstari utakuwa umeacha kovu litakalohitaji lipu mpya. Katika hali hiyo fremu ndiyo inayoletwa mbele. Unabandika juu ya uso wake ukanda wa mbao uliopigwa randa hadi unene wake ulingane na tofauti iliyopo, yaani milimita 3 kwa juu na 5 kwa chini, na ukingo wake wa ndani unausawazisha na ukingo wa fremu ili baada ya rangi mshono usionekane. Gundi na misumari midogo ya milimita 20 vinatosha kuushika, maana baadaye ubao wenyewe utapita juu yake na kuukandamiza.

Vipande vyako vya majaribio vimekueleza yote haya, kama ukivisoma vizuri. Msumeno wako hauna kosa. Hanamu ya digrii 45 imekatwa kwa kudhani kwamba vipande vyote viwili vimelala kwenye uso mmoja. Upande wa kushoto, ubao wa ubavu umesukumwa na lipu huku ule wa juu ukiwa umelala, na ndiyo maana ncha moja inapanda juu ya nyingine. Upande wa kulia, fremu inainua kingo za ndani za vipande vyote viwili, kila kimoja kinainamia nje, na nyuso zao za mbele zinakimbiana ingawa nyuma vimegusana. Kosa la pembe ya msumeno lina sura nyingine kabisa: ufa unakuwa mpana kwenye ncha moja ya mkato, ama ya ndani ama ya nje, na unafifia kuelekea ncha ya pili. Kwa ubao wako wa milimita 70, mkato wa hanamu una urefu wa karibu milimita 99, na nusu digrii ikikosewa katika kila kipande huacha ufa wa karibu milimita 1.7. Ukiona ufa wa namna hiyo, rekebisha pembe. Ukiona ule ulioueleza wewe, iache pembe kama ilivyo, kwa sababu utakata na kukata tena hadi ubao uwe mfupi ilhali tatizo liko ukutani.

Kwa upande wa kulia, milimita 2 unaweza kuzipunguza kwa kuipiga randa fremu, mradi umekagua kwanza kwamba hakuna kichwa cha msumari au skrubu kitakachoharibu makali ya randa. Usipotaka kuigusa fremu, weka kabari nyembamba nyuma ya ukingo wa nje ili ubao ulale sambamba na ukuta, kisha mwanya wa milimita 2 uliobaki pembeni uujaze. Ikiwa bado utapenda kukata hanamu hapo bila kurekebisha kitu, basi toa mbao kidogo nyuma ya mkato kwa patasi au randa ndogo, bila kugusa mstari wa mbele, ili nyuso za mbele ndizo zikutane kwanza. Njia nyingine ni kuulaza ubao kwenye meza ya msumeno juu ya kipande chembamba kinachouinamisha kwa kiasi kile kile unachoinama dirishani, halafu ukate 45 ya kawaida. Mkato utatoka na mshazari unaotakiwa bila hesabu yoyote.

Dirisha la pili ni kazi ya kuongeza kina. Pima umbali kutoka uso wa fremu hadi usawa wa ukuta katika kila kona na katikati ya kila upande, kwa sababu ukuta unaweza kuwa na tumbo. Kata kanda za mbao zenye unene wa milimita 18 hivi, zenye upana unaozidi kipimo kikubwa kwa milimita 1, uziunganishe kama fremu ndogo mezani, kisha uifunge fremu hiyo juu ya ile ya zamani kwa skrubu zinazopita ndani ya upana wa ukanda na kuingia kwenye fremu angalau milimita 25. Toboa kwanza, kwani ukanda mwembamba hupasuka kirahisi. Ziada ya mbele utaipiga randa hadi ilingane na ukuta. Ukanda usiusawazishe na ukingo wa ndani wa fremu. Urudishe nyuma milimita 5 ili uache hatua ndogo, kwa maana vitu viwili vinavyojaribu kuwa sawa kabisa huonekana vimekosewa mara tu kimoja kikisogea kidogo, lakini hatua iliyoachwa makusudi huficha tofauti.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala mbao za urembo zenyewe. Acha milimita 5 za ukingo wa fremu zionekane pande zote, na mistari hiyo uipige kwa penseli kabla ya kupima ubao wowote. Baada ya hapo vipimo vyote vinatoka kwenye mistari, wala si kwenye uwazi wa dirisha. Tuseme uwazi una upana wa milimita 1160. Kati ya mstari na mstari utapata 1170, na huo ndio urefu wa upande mfupi wa ubao wa juu uliokatwa hanamu. Upande mrefu utakuwa 1310, kwa kuongeza upana wa ubao mara mbili. Pima pia ulalo wa dirisha kutoka kona hadi kona. Kama milalo miwili haitofautiani, kona zako ni mraba. Kama inatofautiana, pima kila kona na ugawe pembe yake kwa mbili: kona ya digrii 91 inataka vipande vya 45 na nusu.

Kuhusu tofali, uso wa fremu yako unajibu swali lenyewe. Ukiacha wazi milimita 5 kati ya 40, ubao utakalia milimita 35 za mbao, na hiyo ni nusu ya upana wake. Pigilia kwenye fremu misumari isiyo na kichwa kikubwa, yenye urefu wa milimita 40, kwa umbali wa sentimita 30 hadi 40 kati ya msumari na msumari, huku ule wa mwisho ukiwa sentimita 5 hadi 8 kutoka ncha ya ubao na tundu lake likiwa limetobolewa kwanza. Ukingo wa nje uushikishe ukutani kwa gundi ya ujenzi, baada ya kukwangua rangi iliyolegea, kwa sababu gundi hushika kwa nguvu ile ile ambayo rangi imeshika lipu. Plagi za ukutani (vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu) na skrubu zitahitajika pale tu ambapo ubao umepinda na haukubali kulala. Hapo jumlisha unene wote: milimita 18 za ubao, 15 za lipu, na angalau 30 ndani ya tofali, hivyo skrubu iwe ya 70. Usitoboe karibu sana na ukingo wa ukuta, na zima mpigo wa nyundo wa drili unapopita kwenye lipu, la sivyo kipande kizima kinaweza kung'oka.

Karakana_ya_Jioni amejibu:

Naungana na RandaKali, isipokuwa naona swali la pili limepitwa. Mimi ningekushauri uache hanamu kabisa kwenye madirisha haya, hata baada ya kurekebisha ukuta.

Mbao haibadiliki urefu kwa kiasi kinachoonekana, lakini upana wake hupanuka na kusinyaa kila unyevu wa hewa unapobadilika. Kwa aina nyingi za mbao, badiliko la asilimia 4 katika unyevu uliomo ndani ya mbao husogeza upana kwa takriban asilimia 1, hivyo ubao wako wa milimita 70 utasogea kwa milimita 0.7. Katika kona ya hanamu, mwendo huo unabadili pembe yenyewe ya mkato: mbao ikikauka, ufa hufunguka upande wa ndani wa kona, ikivimba, hufunguka upande wa nje. Kona iliyofungwa kikamilifu siku ya kazi inaweza kufunguka miezi michache baadaye bila mtu kukosea popote. Katika mkato wa mraba, ubao wa juu unakalia vichwa vya mbao za ubavu, na mwendo wa upana hauna pembe ya kuiharibu. Kinachoweza kutokea ni ubao wa ubavu kusogeza ukingo wake kidogo chini ya ule wa juu, na hilo halionekani ikiwa ubao wa juu umeachwa upite nje ya zile za ubavu.

Chukua ubao wa juu wenye unene wa milimita 22, huku za ubavu zikibaki 18, na uache upite kwa milimita 12 kila upande. Kivuli cha ile milimita 4 kitafunika tofauti yoyote ya usawa iliyobaki kati ya mbao hizo. Kona yako ya kushoto, ambayo kwa hanamu inataka marekebisho hadi ukingo wa mwisho, kwa mtindo huu itakusamehe milimita moja au mbili. Hanamu ni ya lazima pale tu ambapo ubao una michoro ya urembo kwenye uso wake, kwa sababu michoro lazima ikutane konani. Kama mbao zako ni bapa, sioni sababu ya kujitafutia shida.

Mpangilio wa kazi katika mtindo huu hauna mjadala. Kizingiti cha ndani hutangulia, kwa kuwa mbao za ubavu zinasimama juu yake. Kipime kwa pimamaji, kikate masikio yake ili yapite nje ya mbao za ubavu kwa milimita 20 hivi, na uache mwanya wa milimita 2 kati yake na bawa la dirisha, yaani sehemu inayofunguka, ili rangi ikishakauka dirisha lisikwame. Kisha fuata ubavu, halafu juu, na mwisho ubao wa chini ya kizingiti, ambao urefu wake unalingana na umbali kati ya kingo za nje za mbao za ubavu. Ubao huo ubane kwa juu dhidi ya kizingiti kabla ya kuupigilia, kwani ndio unaokizuia kisinepe mtu anapokiegemea.

Ukiamua kubaki na hanamu, basi unganisha ubao wa juu na zile za ubavu mezani kwa gundi, ukiwa umevilaza kifudifudi, na uvitundike vyote kwa pamoja kama kitu kimoja. Vichwa vya mbao hunyonya gundi, kwa hiyo paka mkono wa kwanza mwembamba, subiri dakika chache, kisha upake wa pili na ubane. Kona iliyoshikana kabla haijagusa ukuta haitafunguliwa na ukuta. Lakini njia hii inadai ukuta uwe umeshasawazishwa. Fremu ngumu ya vipande vitatu haijipindi kufuata lipu.

Tindo amejibu:

Nakubali kuhusu ukuta ulio mbele wote. Mimi nilikuwa nikizungumzia uvimbe wa ukingoni. Nadhani ndio alio nao, kwa jinsi alivyoeleza.

Mkaguzi_wa_Rangi amejibu:

Neno moja kuhusu silikoni, kwa sababu limepita bila kusemwa. Silikoni ya kawaida haishiki rangi. Rangi ya maji hukusanyika juu yake kama matone na kuacha mstari usiofunikwa, na kuikwangua baadaye ni adhabu. Kati ya ubao na ukuta tumia kijazio cha akriliki kinachopakwa rangi, kwa mwanya usiozidi milimita 3, ukilainishe kwa kidole kilicholowa, na ukiache kikauke kwanza kwa sababu husinyaa. Mwanya mkubwa kuliko huo usijazwe. Utafutiwe ukanda mwembamba wa mbao, au urudi kwenye marekebisho aliyoyaeleza RandaKali. Matundu ya misumari ni kitu kingine: yanazibwa kwa puti ya mbao, ambayo inakubali msasa, jambo ambalo akriliki hailikubali.

La pili ni usalama. Kabla ya kuipiga randa fremu ya zamani, jiulize rangi iliyo juu yake ni ya lini. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilifanya hivyo kwa nyakati tofauti. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kama kuna shaka, usipige msasa mkavu wala randa. Bandika ukanda juu yake, au ilowanishe na kuikwangua huku ukikusanya kila kipande, na barakoa ya vumbi usiivue.

MkonoMpya amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimelaza ubao mrefu ukutani kama nilivyoelekezwa. Upande wa kushoto wa dirisha la kwanza, sehemu ya juu ina uvimbe wa ukingoni tu, wenye upana wa sentimita 2 hivi, lakini kuanzia katikati kwenda chini ubao wa kupimia unalala bila mwanga na bado lipu iko mbele. Kwa hiyo ndugu Tindo na ndugu RandaKali wote wamesema kweli, kila mmoja kwa nusu ya dirisha.

Nimeamua kufuata mkato wa mraba kwa sababu mbao zangu ni bapa. Yamebaki mawili. Ukanda unaopungua unene taratibu ninaupataje, ilhali sina msumeno wa meza? Na dirisha la tatu, linalofunguka kwa ndani, lina bawaba zinazotokeza kwenye uso wa fremu. Ile milimita 5 haitatosha.

RandaKali amejibu:

Basi chonga uvimbe wa juu kwanza, kisha upime upya upande wote kabla ya kuandaa ukanda, kwa sababu vipimo vya mwanzo vilipotoshwa na uvimbe huo. Huenda ukakuta kwamba kwa juu tofauti imeshuka hadi sifuri, na ukanda wako utaanzia katikati kwa unene wa karatasi na kufika milimita 5 chini.

Ukanda wa namna hiyo hautengenezwi kwa msumeno wa meza hata ukiwepo, kwani ncha nyembamba ni hatari mbele ya meno yake. Chukua ukanda wenye unene sawa wa milimita 6, ubandike fremuni kwa gundi kabla ya kuupunguza, na usipigilie msumari wowote kwa sasa. Ubane kwa jiriwa ndogo au kwa gundi-tepu hadi ukauke. Gundi ikishakauka, piga mstari kwenye ubavu wa ukanda, ukiuhamisha usawa wa ukuta kwa kutelezesha penseli iliyolazwa juu ya kipande bapa kinachokalia lipu, kisha upige randa kuanzia upande mnene kuelekea ule mwembamba hadi mstari ufutike. Fremu yenyewe ndiyo inayokuwa meza yako. Kama nyuzi za mbao zinang'oka, geuza mwelekeo au maliza kwa msasa wa namba 80 uliozungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka. Misumari midogo utaipiga mwishoni, vichwa vikiwa vimezamishwa.

Kuhusu dirisha la tatu, fungua bawa hadi mwisho wake kabla ya kupiga mistari, na utazame mambo matatu: kifundo cha bawaba, kitasa, na ukingo wa chini wa bawa linapopita juu ya mahali pa kizingiti. Kinachotokeza kuliko vyote kiongezee milimita 2, na jumla hiyo ndiyo itakayokuwa ukingo wazi wa pande zote, hata kama itafika milimita 12, kwa sababu ukingo mpana unaolingana pande nne hauchukizi jicho, ila ukingo unaopanuka kwenye bawaba na kubana kwingine unaonekana mara moja. Usikate matundu ya bawaba kwenye ubao wa urembo. Kizingiti nacho kiwe chini ya njia ya bawa kwa milimita 3 au zaidi. Zile 2 alizozitaja Karakana_ya_Jioni zinatosha kwa dirisha linalofunguka nje, lakini bawa linalofunguka ndani huinama kadiri bawaba zinavyochoka.

Kwenye ukuta huo wa jipsamu, ubao wako ukiwa na ukingo wazi wa milimita 12 utakalia fremu kwa milimita 28 tu, hivyo ukingo wa nje nao upigiliwe. Msumari unapita milimita 18 za ubao na 12.5 za jipsamu kabla ya kuifikia nguzo, kwa hiyo ule wa 40 hautashika kitu. Tumia wa 60. Nguzo huwa iko pembeni mwa dirisha, karibu kabisa na fremu, lakini ihakikishe kwa kutoboa tundu jembamba mahali ambapo ubao utafunika, na kagua kwanza kama kuna waya wa umeme unaoshuka kwenye swichi iliyo karibu.

Karakana_ya_Jioni amejibu:

Nyongeza kabla hujakata. Ziweke mbao ndani ya chumba chenyewe kwa siku kadhaa, zikiwa zimepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, kisha uzipake praima (rangi ya msingi) uso, mgongo na vichwa kabla ya kuzifunga. Mgongo usiopakwa hunyonya unyevu wa ukuta wa tofali wakati uso umezibwa, na ubao hujikunja kama kigae. Kila kichwa utakachokikata upya kikipake tena kabla hakijafunikwa, hasa vile vinavyosimama juu ya kizingiti, ambako maji ya ukungu wa kioo hutiririkia. Kwa sababu hiyo hiyo usishawishike kutumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) kwenye kizingiti hata kama umeitumia kwingine: ukingo wake ukishanyonya maji huvimba, na hata ukikauka haurudi ulivyokuwa.

MkonoMpya amejibu:

Nimeelewa. Je, mwanya ulio kati ya fremu na tofali, ambao sasa unaonekana kwa sababu lipu imechongwa, ujazwe kabla ya mbao au uachwe?

RandaKali amejibu:

Ujaze kabla, maana ukishafunikwa hutaufikia tena, na ndiko upepo na kelele vinakopitia. Tumia povu lisilovimba sana, lile linaloandikwa kuwa ni la milango na madirisha. Povu la kawaida lina nguvu ya kutosha kuisukuma fremu ndani hadi bawa lianze kukwama. Jaza nusu ya mwanya, liache livimbe lenyewe, na ziada uikate kwa kisu usawa wa lipu baada ya kukauka. Jaribu kufungua na kufunga dirisha siku inayofuata, kabla ya kupiga mstari wa kwanza.